Mgongo unapobana neva: Upasuaji unavyowaokoa watu wa kimo kifupi wasipooze

IKIWA mtu mzima wa kimo kifupi aliyezoea kutembea kilomita mbili bila taabu sasa hulazimika kuchutama kila baada ya hatua mia moja ili miguu yake ipate nguvu, huenda tatizo lisiwe miguu. Yamkini ni uti wa mgongo.

Hiyo ni mojawapo ya dalili kuu za kubanwa kwa neva ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, hali ambayo huwafikisha watu wazima wengi wenye akondroplasia katika chumba cha upasuaji. Ikitambuliwa mapema, hutibika na wengi huzirejelea shughuli zao. Ikipuuzwa, humpokonya mtu uwezo wa kutembea, wa kuuzuia mkojo na hata wa kwenda haja kubwa kwa hiari yake. Upasuaji unaofanywa baada ya kuchelewa huenda usiurejeshe uwezo huo.

La kusikitisha ni kwamba dalili zenyewe hujificha nyuma ya dhana potovu. Mtu wa kimo kifupi akilalamikia uchovu wa miguu, jamaa zake, na wakati mwingine hata wahudumu wa afya, hudhani kwamba ndivyo alivyoumbwa. Huambiwa apumzike, apunguze kutembea, au anunue dawa za maumivu. Miezi hugeuka kuwa miaka, na neva huendelea kufinywa kimyakimya.

Makala haya yanaeleza kiini cha tatizo hilo, jinsi linavyotambuliwa, upasuaji wenyewe unavyofanywa na mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini.

Kosa la herufi moja

Kimo kifupi si ugonjwa mmoja. Zipo hali mamia kadhaa za kimaumbile zinazoweza kumfanya mtu asirefuke, na kila moja ina tabia zake. Iliyo ya kawaida zaidi ni akondroplasia, ambayo inakisiwa kumpata mtoto mmoja kati ya takriban 25,000 wanaozaliwa.

Mtu mwenye hali hii huwa na kiwiliwili kinachokaribiana na cha watu wengine kwa urefu, lakini mikono na miguu yake huwa mifupi, hasa sehemu za mapaja na za mikono zilizo karibu na bega. Kichwa huwa kikubwa kiasi na paji la uso huchomoza. Wanaume wazima huwa na wastani wa kimo cha sentimita 131 hivi, nao wanawake sentimita 124. Akili huwa timamu kama ya mtu mwingine yeyote.

Jina hilo lilianza kutumiwa na daktari Mfaransa, Jules Parrot, mnamo mwaka wa 1878, lakini hali yenyewe ni ya kale. Katika jumba la makumbusho jijini Cairo, Misri, mna sanamu ya Seneb, mtu wa kimo kifupi aliyekuwa afisa wa ngazi ya juu katika utawala wa mafarao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mchongaji alimwonyesha akiwa ameketi kando ya mkewe na watoto wao, na maumbile yake yanafanana na ya mtu mwenye akondroplasia.

Chanzo halisi kiligunduliwa mwaka wa 1994. Wanasayansi walibaini kwamba kuna kosa katika jeni iitwayo FGFR3, iliyoko katika kromosomu ya nne. Kazi ya jeni hiyo ni kama ya breki: huzuia mifupa isirefuke kupita kiasi. Kwa watu karibu wote wenye akondroplasia, herufi moja tu ya jeni hiyo, miongoni mwa herufi bilioni tatu zinazounda maagizo ya mwili wa binadamu, imebadilika. Mabadiliko hayo huifanya breki ikanyagwe wakati wote. Gegedu, ambalo kwa kawaida hukua na kugeuka kuwa mfupa, hushindwa kukua kwa kasi inayofaa.

Takriban watoto wanne kati ya watano wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Kosa hutokea upya, mara nyingi katika mbegu ya baba, na uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa baba unavyosonga. Haitokani na laana, wala na chakula alichokula mama akiwa mjamzito, wala na mtu aliyemtazama njiani. Mwenye akondroplasia akipata mtoto na mwenzi wa kimo cha kawaida, uwezekano wa kumrithisha mtoto hali hiyo ni nusu kwa nusu.

Mfereji mwembamba tangu kuzaliwa

Ili kuelewa kwa nini mgongo huleta matatizo, ni vyema kwanza kuutazama ulivyojengwa.

Uti wa mgongo ni mnara wa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila pingili ina gogo la mfupa upande wa mbele na upinde upande wa nyuma, na kati yake mna tundu. Matundu hayo yakipangana huunda mfereji. Ndani ya mfereji huo hupita ugwe mgongo, yaani kamba nene inayobeba maagizo kutoka kwa ubongo na kurejesha habari za maumivu, joto na mguso.

Ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo neva hutawanyika na kuteremka mithili ya nywele za mkia wa farasi. Hizo ndizo zinazotawala miguu, kibofu cha mkojo, njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi.

Gogo la mbele na upinde wa nyuma huunganishwa na mihimili miwili midogo ya mfupa. Kwa mtu mwenye akondroplasia, mihimili hiyo huwa mifupi na minene kwa sababu gegedu linaloikuza huacha kazi mapema. Matokeo yake ni kwamba mfereji huwa mwembamba tangu utotoni.

Tena kuna tofauti nyingine. Kwa watu wengi, nafasi kati ya mihimili hiyo miwili hupanuka kadiri mtu anavyoteremka kuelekea chini ya kiuno. Kwa mwenye akondroplasia, nafasi hiyo hupungua. Mfereji hufanana na faneli, na neva nyingi zinalazimika kupita katika sehemu iliyo nyembamba zaidi.

Utotoni na katika ujana, nafasi hiyo finyu hutosha kwa wengi. Shida huanza umri unaposonga. Visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili huanza kufura na kuchomoza ndani ya mfereji. Kano hunenepa. Viungo vinavyoshikanisha pingili huota mifupa ya ziada. Mambo hayo humpata kila binadamu anayezeeka, lakini mwenye mfereji mpana huwa na akiba ya nafasi. Mwenye akondroplasia hana akiba hiyo, ndiposa dalili huanza kujitokeza akiwa na umri wa miaka ya ishirini, thelathini au arubaini, ilhali watu wengine huzipata wakiwa wazee.

Isitoshe, kiuno cha mtu huyu hupinda sana kuelekea ndani, nayo makalio huchomoza nyuma. Anaposimama wima, kule kupinda huongezeka na mfereji huzidi kubana. Anapochutama, kuketi au kuinama mbele, kiuno hunyooka na mfereji hupanuka kidogo. Hiyo ndiyo sababu kuchutama humletea nafuu ya ghafla.

Dalili za kuangaliwa

Dalili huanza polepole. Mtu huhisi uzito, ganzi au mwasho kama wa sindano mapajani, kwenye ndama za miguu au nyayoni anapotembea au kusimama kwa muda. Akikaa au kuchutama, hali hiyo hutoweka baada ya dakika chache. Siku zinavyopita, umbali anaoweza kutembea bila kupumzika hupungua: kutoka kilomita hadi mita mia tano, kisha mita mia moja, kisha kutoka sebuleni hadi jikoni.

Baadaye miguu hudhoofika hata wakati wa kupumzika. Mtu huanza kujikwaa, kiatu hukwaruza sakafu, au hushindwa kupanda ngazi alizozizoea. Wengine hupata haja ya kukojoa mara kwa mara au mkojo kuwaponyoka. Nguvu za kiume zaweza pia kupungua, jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya daktari.

Zipo dalili ambazo haziwezi kusubiri hata siku moja. Mtu akishindwa ghafla kukojoa, akipoteza hisia sehemu za siri na eneo la makalio linalogusa kiti, au miguu yake ikiishiwa nguvu kwa saa au siku chache, anastahili kukimbizwa hospitalini. Neva za kibofu zikifinywa kwa muda mrefu, huenda zisizinduke tena.

Maumivu ya miguu wakati wa kutembea yaweza pia kutokana na kuziba kwa mishipa ya damu. Tofauti ni kwamba mwenye shida ya damu hupata nafuu kwa kusimama tu. Mwenye shida ya neva hapati nafuu hadi akae, achutame au ainame. Ni swali dogo, lakini daktari makini hulianza nalo.

Jinsi ya kuchunguza

Daktari huanza kwa kuuliza na kupima: nguvu za misuli, hisia za ngozi, mshtuko wa goti linapogongwa kwa nyundo ndogo, na jinsi mtu anavyotembea. Baadhi hutoka na mgonjwa hadi kwenye ujia wa hospitali na kupima ni mita ngapi anazoweza kwenda kabla ya kuhitaji kupumzika.

Picha ya eksirei huonyesha umbo la mifupa na kama kuna kibiongo. Hata hivyo, neva hazionekani katika eksirei. Kwa hivyo, picha ya MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu badala ya miale ya eksirei, ndiyo hutegemewa zaidi. Kwa asiyeweza kupigwa MRI, kwa mfano kwa sababu ya vyuma vilivyomo mwilini, madaktari waweza kudunga dawa maalum katika maji yanayozunguka neva kisha wakapiga picha za CT.

Ni muhimu kuupiga picha mgongo wote, ikiwemo shingo na mahali ambapo fuvu hukutana na uti. Kwa watu wenye akondroplasia, tundu la chini ya fuvu nalo huwa dogo. Udhaifu wa miguu waweza kuwa unatoka huko juu, na kupasua kiuno hakutaondoa tatizo la shingoni.

Nani apasuliwe, na lini?

Picha pekee haitoshi kumpeleka mtu chini ya kisu. Karibu kila mtu mwenye akondroplasia akipigwa MRI ataonekana kuwa na mfereji mwembamba, lakini si wote wanaougua. Uamuzi hutokana na dalili.

Mtu anayeumwa na mgongo tu, bila udhaifu wala ganzi miguuni, kwa kawaida huanza kwa njia nyingine: kupunguza uzani, mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, kuogelea, dawa za maumivu na kubadilisha viti na meza anazotumia. Uzani una umuhimu wa pekee, kwani tumbo kubwa huuvuta mgongo mbele na kuongeza kupinda kwa kiuno.

Upasuaji huzingatiwa pale umbali wa kutembea unapoendelea kupungua, maumivu ya miguu yanapozuia kazi na usingizi, misuli inapodhoofika, au kibofu kinapoanza kuathirika. Hapo kusubiri huwa na gharama. Tafiti zilizofanywa Marekani na Ulaya zimeonyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji mapema baada ya dalili kuanza hupata nafuu zaidi kuliko waliokaa nazo kwa miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala la neva, kuna kuta ambazo hazijengeki tena.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Upasuaji unaofanywa huitwa laminektomia. Lengo lake ni kuondoa bamba la mfupa lililo nyuma ya kila pingili iliyobana, yaani paa la mfereji, ili neva zipate nafasi. Unaweza kuufananisha na kuondoa mabati ya nyumba ambayo dari yake imewashukia wakazi: kuta hubaki, lakini wakazi hupumua.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi juu ya mito maalum inayoliacha tumbo likining'inia. Tumbo likibanwa, damu hujaa katika mishipa ya mgongoni na mgonjwa huvuja damu zaidi. Daktari hupasua ngozi katikati ya mgongo na kuisogeza misuli kando.

Kwa mtu wa kawaida, daktari waweza kuingiza mdomo wa koleo dogo chini ya bamba la mfupa na kulimega kidogo kidogo. Kwa mwenye akondroplasia, mbinu hiyo ni hatari. Nafasi iliyo chini ya mfupa ni finyu mno hivi kwamba hata ncha nyembamba ya chuma yaweza kuzifinya neva. Kwa sababu hiyo, wataalamu hutumia keekee yenye kasi kusaga mfupa kutoka juu, pande zote mbili, hadi ubaki mwembamba kama ganda la yai. Kisha huinua bamba lote kwa uangalifu.

Kiwango cha kupasua pia hutofautiana. Watu wengine huhitaji kufunguliwa pingili moja au mbili. Mwenye akondroplasia mara nyingi huhitaji kufunguliwa kiuno chote, kuanzia pingili kadhaa juu ya mahali palipoziba hadi kwenye mfupa wa nyonga. Ikifunguliwa sehemu ndogo tu, ile iliyoachwa huja kuziba baadaye na mgonjwa hulazimika kurudi mezani.

Wakati huo huo, daktari hujitahidi kuvihifadhi viungo vidogo vinavyozishikanisha pingili kwa pande. Vikiondolewa, mnara huanza kuyumba. Ikiwa mgonjwa tayari ana kibiongo, au ikiwa kuyumba hakuepukiki, pingili huunganishwa kwa skrubu na vyuma vya titani na kuwekewa vipande vya mfupa ili zishikane na kuwa kitu kimoja. Kwa vijana ambao bado wanakua, laminektomia isiyoandamana na uunganishaji huo imejulikana kuzaa kibiongo mara nyingi sana, na madaktari wengi hawaifanyi peke yake.

Katika hospitali zenye vifaa, mtaalamu huunganisha nyaya kwenye miguu na kichwa cha mgonjwa na kufuatilia mawasiliano ya neva muda wote. Mawimbi yakififia, daktari hujulishwa papo hapo na kusitisha anachokifanya.

Nusukaputi ina changamoto zake

Hatari nyingine hujitokeza kabla kisu hakijagusa ngozi. Sehemu ya katikati ya uso wa mtu mwenye akondroplasia huwa imebonyea, njia ya hewa ni nyembamba na ulimi huonekana mkubwa kwa nafasi uliyo nayo. Wengi hukoroma na hukatikiwa na pumzi usingizini. Kwa hivyo, kuingiza mpira wa kupumulia huhitaji ustadi, na shingo haistahili kukunjwa nyuma kwa nguvu kwa sababu tundu la chini ya fuvu ni finyu.

Vipimo vya dawa hufuata uzani wa mgonjwa wala si umri wake. Kupata mshipa wa damu mkononi huweza kuwa kazi ngumu, na kitambaa cha kupimia shinikizo la damu sharti kilingane na mkono mfupi.

Wanawake wajawazito nao wanapaswa kulijua jambo hili. Kwa kuwa nyonga zao ni ndogo, wenye akondroplasia hujifungua kwa upasuaji. Sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo hutumiwa na wengi, huwa ngumu kudungwa na dawa yake yaweza kupanda juu kuliko ilivyokusudiwa. Mjamzito aonane na daktari wa nusukaputi wiki kadhaa kabla ya siku ya kujifungua, asingojee uchungu uanze.

Nafuu na madhara

Wagonjwa wengi hupata nafuu ya maumivu ya miguu na huweza kutembea umbali mrefu zaidi. Maumivu hutangulia kupungua, nguvu hurejea polepole, na ganzi huwa ya mwisho kuondoka. Udhaifu uliokaa kwa miaka na mkojo usiozuilika huwa ndio mgumu zaidi kurekebisha. Lengo la kwanza la upasuaji ni kuzuia hali isizorote. Nafuu ni faida inayofuata.

Madhara yapo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Linalotokea mara nyingi zaidi ni kuchanika kwa utando unaozizunguka neva, maana kwa watu hawa utando huo ni mwembamba na umegandamana na mfupa. Ukichanika, maji ya uti huvuja. Daktari huushona na kuuziba kwa gundi maalum, kisha mgonjwa huweza kuagizwa alale bila kuinuka kwa siku kadhaa. Mengine ni maambukizi, kuvuja damu, kuganda kwa damu miguuni na, mara chache, kuumia kwa neva kunakozidisha udhaifu.

Aidha, si haba wanaohitaji upasuaji wa pili miaka kadhaa baadaye, ama kwa sababu sehemu ya juu ya mgongo imeziba, au kwa sababu kibiongo kimejitokeza. Mtu aliyepasuliwa hapaswi kutoweka kliniki hata akijihisi mzima.

Hofu kwamba kila anayepasuliwa mgongo hupooza haina msingi. Lakini ni kweli kuwa upasuaji huu ni mgumu kuliko wa mtu wa kawaida na hufanywa vyema na aliyewahi kuufanya.

Daktari aliyeujua mgongo huo kwa ndani

Miongoni mwa majina yanayotajwa sana katika fani hii ni la Michael Ain, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Yeye mwenyewe ana akondroplasia. Alipotaka kusomea udaktari, vyuo vingi vilimkataa, huku baadhi ya waliomhoji wakitilia shaka iwapo mtu wa kimo chake angeiweza kazi hiyo. Chuo cha Albany, katika jimbo la New York, ndicho kilichomfungulia mlango.

Akiwa Baltimore, amewapasua watoto na watu wazima wenye hali kama yake, akisimama juu ya kigoda ili aifikie meza. Yeye na wenzake wamechapisha tafiti kuhusu matokeo ya laminektomia na kibiongo kinachofuatia, na kazi hizo zimekuwa mwongozo kwa madaktari wa mataifa mengine. Mji huohuo ndiko alikohudumu Steven Kopits, daktari aliyeyatolea maisha yake matibabu ya watu wa kimo kifupi hadi alipofariki mwaka wa 2002.

Ujuzi huo ulijengwa juu ya kazi ya waliotangulia. Ni Mholanzi Henk Verbiest, daktari wa upasuaji wa neva mjini Utrecht, aliyeeleza kwa kina katika miaka ya 1940 na 1950 jinsi mfereji mwembamba wa kiuno unavyoweza kudhoofisha miguu ya mtu anapotembea. Kabla ya hapo, wengi wa wagonjwa kama hao walidhaniwa kuwa na shida ya mishipa ya damu.

Dawa mpya, si kwa kila mtu

Mwaka wa 2021, Umoja wa Ulaya na Marekani ziliidhinisha dawa ya vosoritide, inayouzwa kwa jina Voxzogo. Hudungwa kila siku na hulegeza ile breki ya jeni ili mifupa irefuke. Hata hivyo, imekusudiwa watoto ambao mifupa yao ingali inakua. Mtu mzima haimfai, kwani mifupa yake imekwisha kufunga. Bei yake nayo ni ghali mno. Kwa aliyekwisha kukomaa na neva zake zimebanwa, tegemeo linabaki kuwa upasuaji.

Vivyo hivyo, upasuaji wa kurefusha miguu, ambao umewavutia baadhi ya vijana, hauondoi finyo la mgongoni.

Hali ilivyo kwa Mkenya

Nchini Kenya, madaktari wa upasuaji wa mgongo na mashine za MRI hupatikana zaidi katika miji mikubwa, katika hospitali kama vile Kenyatta jijini Nairobi, ile ya rufaa na mafunzo ya Moi mjini Eldoret, na baadhi ya hospitali za kibinafsi na za makanisa. Mgonjwa wa mashambani huanzia zahanati au hospitali ya kaunti, na hapo ndipo dalili zake zinapaswa kutambuliwa na kupewa barua ya rufaa bila kucheleweshwa.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Ni busara kwa mgonjwa kujisajili mapema na kuuliza hospitalini, kabla ya tarehe ya upasuaji, ni sehemu gani ya gharama italipwa, hasa ile ya picha na ya skrubu za titani.

Watu wa kimo kifupi wanaweza pia kujiandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa lugha isiyomdhalilisha. Haki hiyo inaanzia kwenye meza ya mapokezi, pale mgonjwa anapoeleza kuwa miguu yake haina nguvu na kustahili kusikilizwa badala ya kuchekwa.

Maswali ya kumwuliza daktari

Kabla ya kukubali upasuaji, mgonjwa amwulize daktari: Je, amewahi kumpasua mtu mwenye akondroplasia? Atafungua pingili ngapi na kwa nini? Je, kutahitajika vyuma? Shingo imepigwa picha? Nani atasimamia nusukaputi, na ameijua hali ya njia ya hewa? Daktari mwema hatakasirishwa na maswali hayo.

Kwa ambaye hajafikia hatua hiyo, kinga ni bora. Apunguze uzani, afanye mazoezi mepesi, aepuke michezo ya kugongana na kubeba mizigo mizito. Asikubali mkandaji yeyote amvunjevunje au kumnyoosha mgongo kwa nguvu, hata akiahidiwa nafuu ya siku moja. Mzazi naye asimkalishe mtoto mchanga mwenye hali hii bila kumwegemeza mgongo kabla misuli yake haijakomaa, kwani kukaa akiwa amejikunja huchangia kibiongo kisichoondoka.

Jambo la mwisho ni jepesi na halihitaji senti. Mtu mzima mwenye akondroplasia achague njia moja anayoipita kila juma, kwa mfano kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu, na aandike ni mara ngapi alilazimika kuchutama. Idadi hiyo ikianza kupanda mwezi baada ya mwezi, aichukue karatasi hiyo na kuipeleka kwa daktari.